Mtoto Aliyekaa Kando ya Uwanja

Katika Lubumbashi hakuna mzazi anayehitaji kumfundisha mwanawe kupenda mpira. Masomo yakiisha, iwe Kamalondo, iwe Katuba, iwe Kenya au Ruashi, popote palipo na kipande cha ardhi tambarare utawakuta wavulana wakiufukuza mpira, hata kama mpira wenyewe ni matambara yaliyokazwa kwa kamba. Nao wanayo sababu. Mwaka 1939 watawa Wabenedikto waliosimamia Shule ya Mtakatifu Bonifasi, zamani zile mji ulipoitwa Elisabethville, waliwaundia wanafunzi wao timu ili wawe na la kufanya mbali na vitabu. Timu hiyo ilipewa jina la Mtakatifu Georges. Ndiyo hii ambayo leo yajulikana kwa jina la TP Mazembe, iliyotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, na ambayo mwezi wa Desemba 2010 ilicheza fainali ya vilabu vya dunia nzima dhidi ya Inter Milan. Basi mtu asidharau kikundi cha watoto kinachokutana saa za jioni.

Lakini, mpenzi msomaji, rudi uwanjani utazame tena. Waache wale wanaotoa jasho. Tazama pale ukutani, chini ya mwembe: wapo wengine watano au sita waliokaa. Huyu ni mdogo mno, wakubwa hawamtaki. Yule ana mguu mbaya. Msichana yule amembeba mdogo wake mgongoni, hawezi kucheza wala hawezi kwenda mbali. Na yule wa mwisho, hakuna ajuaye kwa nini amekaa. Yeye hukaa tu, siku zote. Mpira ukitoka nje huurudisha kwa mguu, kisha hukaa tena.

Habari yangu ya leo ni juu ya watoto wa namna hiyo, na juu ya mwalimu mmoja wa Uganda ambaye siku moja aliwatupia jicho.

UBAO MMOJA MTAANI KATWE

Katwe ni mtaa wa mabanda katika mji wa Kampala. Uko bondeni, na mvua kubwa zikinyesha maji machafu huingia ndani ya nyumba na kuchukua vyombo. Huko alifika kijana aitwaye Robert Katende, akitumwa na shirika la Kikristo liitwalo Sports Outreach, awakusanye watoto kwa njia ya mpira wa miguu. Umaskini hakuusoma vitabuni. Yeye mwenyewe alilelewa na bibi yake, akafiwa na mama yake angali mtoto, na mpira ndio uliomtoa.

Katende aliona upesi kwamba watoto wengine hawaingii uwanjani. Mwalimu mwingine angalisema, "Shauri yao, asiyetaka aache." Yeye alijiuliza ni mchezo gani uwezao kumchukua mtoto asiyekimbia. Akakumbuka sataranji, mchezo aliokuwa amejifunza siku zake za shule. Mwaka 2004 akaleta ubao, akaketi na wavulana wachache, akaanza kuwaonyesha jinsi kila kete inavyotembea. Baada ya mchezo kila mtoto alipewa uji. Tusijidanganye katika jambo hili: wengi wa kwanza walifuata uji, hawakufuata mfalme wala malkia. Katende alilijua hilo, wala hakuona haya. Mtoto mwenye njaa hawezi kufikiri hatua tatu mbele. Atafikiri juu ya tumbo lake tu, naye ana haki.

Mwaka 2005 msichana mmoja wa miaka kama tisa alimfuata kaka yake kwa siri apate kujua anakwenda wapi kila siku. Jina lake Phiona Mutesi. Baba yake alikuwa amekwisha kufa kwa UKIMWI. Shule ameiacha kwa kukosa ada. Kazi yake ni kuuza mahindi barabarani. Akachungulia kutoka barazani, akaona watoto wamenyamaza wakikodolea macho vitu vidogo vyeusi na vyeupe. Katende akamwona, akamwita aingie. Wenzake walimcheka kwa uchafu wa nguo zake na harufu yake. Alitaka kupigana nao. Lakini kesho yake alirudi.

Na sasa sikiliza alivyofundishwa. Katende hakumweka mbele yake mwenyewe. Alimkabidhi kwa mtoto mdogo zaidi, Gloria, msichana wa miaka minne tu, naye Gloria akamwonyesha mwendo wa kila kete. Mtu aweza kuona haya kufundishwa na mtoto wa miaka minne. Mimi naona hapo ndipo ulipo ustadi wote wa mwalimu huyu. Mtoto hamwogopi mtoto. Atamwuliza jambo lile lile mara kumi, na atajibiwa mara kumi bila kuambiwa kwamba ni mpumbavu. Tena yule mdogo afundishaye hulazimika kujua vema anachokisema.

Phiona alishindwa siku nyingi. Siku moja akamshinda mvulana aliyezoea kumpiga haraka haraka. Mwaka 2009 alipelekwa Juba, katika Sudan, kwenye mashindano ya watoto wa Afrika, pamoja na Ivan Mutesasira na Benjamin Mukumbya, wote watoto wa Katwe, wakarudi na ushindi. Mwaka 2010 aliichezea nchi yake katika Olimpiki ya sataranji mjini Khanty-Mansiysk, huko Siberia, nako alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Mwaka 2012, mjini Istanbul, alijipatia cheo cha kwanza cha kimataifa kwa wanawake. Mwaka huo huo Tim Crothers, Mmarekani, akaandika kitabu juu ya maisha yake, na mwaka 2016 ikatoka filamu iliyoongozwa na Mira Nair, ambamo Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, ndiye mama. Mwaka 2017 Phiona na Benjamin walianza masomo ya chuo kikuu katika jimbo la Washington, Marekani.

Filamu hiyo ni nzuri, nami nawashauri wazazi waitazame pamoja na watoto. Lakini mwalimu anayeanzisha chama asianze kwa kuionyesha. Watoto watamwuliza ndege itaondoka lini. Kwa kila Phiona mmoja wapo mamia waliokunywa uji, wakacheza miaka miwili mitatu, kisha wakaenda zao kushona nguo, kuendesha pikipiki, kuzaa na kulea. Hao nao walikuwa wanafunzi wa Katende. Ukipima kazi yake kwa yule mmoja aliyepanda ndege, umeipima vibaya.

"MCHEZO WA WAZUNGU"

Mama yake Phiona aliwahi kuonywa na watu kwamba sataranji ni mchezo wa Wazungu, na kwamba Wazungu watakuja kumchukulia watoto wake. Tusimcheke. Hata huku kwetu mzazi aweza kuingiwa na shaka, hasa akisikia jina lake la Kifaransa. Mtoto anarudi nyumbani, anasema amekaa muda wote kwenye *échecs*! Neno hilo ndilo lile lile linaloandikwa juu ya mtihani wa mtu aliyeanguka. Baba atauliza, "Nimekupeleka shule ukajifunze kushindwa?"

Maneno yote mawili yatoka mbali, katika neno la Kiajemi *shah*, yaani mfalme. Mchezo ulizaliwa Bara Hindi yapata miaka 1400 iliyopita, ukapita Uajemi, ukachukuliwa na Waarabu, na kwa mkono wa Waarabu ukafika Ulaya. Jina la sataranji nalo lilikuja pwani kwa njia hiyo ya Waajemi na Waarabu. Hata ile kete ambayo Waingereza huiita askofu ina kisa cha kuchekesha. Waarabu waliiita *al-fil*, yaani tembo. Wafaransa walisikia vibaya, wakaigeuza kuwa *fou*, yaani kichaa wa mfalme. Kwa hiyo kete ile ile ni tembo kwa Mwarabu, askofu kwa Mwingereza, na kichaa kwa mwanafunzi wa Lubumbashi. Naomba wasomaji wasinitake niamue nani ana haki.

Wala kucheza kwa kichwa juu ya ubao si jambo geni kwetu. Waluba wana kisolo, Waganda wana omweso, watu wa pwani wana bao. Katika Kasai, Wakuba husimulia kwamba mfalme wao Shyaam aMbul aNgoong, aliyetawala katika karne ya 17, ndiye aliyewaletea watu wake mchezo wa namna hiyo. Mchongaji alipomchonga kwa mti, hakumwekea mbele mkuki wala ngoma, bali ubao wa mchezo. Sanamu hiyo iko London tangu mwaka 1909, katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Mzee wa Kasai anayehesabu mbegu za kisolo chini ya mti huko Kampemba ataelewa sataranji kabla ya mjukuu wake. Yafaa aalikwe chamani.

JINSI YA KUANZA

Watu husema, "Sisi hatuna vyombo." Ubao ni vyumba 64, nane kwa nane, kimoja cheupe kimoja cheusi. Kipande cha katoni na makaa vyatosha. Kete ni 16 kila upande: vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi juu yake vitafanya kazi hata siku mtakapopata za kununua. Kumbusheni jambo moja ambalo hata watu wazima hulikosea: chumba cha pembeni kilicho upande wa mkono wa kuume wa kila mchezaji lazima kiwe cheupe.

Siku ya kwanza mwalimu asieleze mchezo wote. Hapo ndipo wengi huharibu. Husimama mbele ya watoto thelathini, hutaja kete sita na sheria kumi na mbili, na baada ya robo saa nusu ya watoto wanatazama dirishani. Awape askari peke yao, wale wanane wadogo wa mstari wa mbele. Askari huenda mbele hatua moja, au mbili ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza kuondoka. Hula kwa pembeni. Harudi nyuma kamwe. Afikaye kwanza upande wa pili ameshinda. Mchezo huu mdogo mtoto wa miaka sita aujua kwa dakika tano, na humo mna vita kweli kweli. Wiki ya pili aongeze mnara, uendao wima na kwa mapana. Kisha *fou*, aendaye mshazari. Farasi aje mwisho, maana mwendo wake wa kuruka huwatia watoto wazimu wa furaha, na wakishamjua hawataki kingine.

Sheria mbili ziwekwe tangu mwanzo, wala zisilegezwe hata kwa mtoto wa mwalimu. Ya kwanza, kete iliyoguswa ni lazima ichezwe. Ya pili, mikono ikaliwe. Ndiyo, mtoto akalie mikono yake miwili anapofikiri. Mkono wa mtoto una haraka kuliko macho yake. Huchukua kete kabla akili haijafika. Mtoto aliyekalia mikono hana budi kuitoa kwanza, na katika muda huo mdogo mara nyingi huona kwamba malkia wake alikuwa anakwenda kuliwa. Nimejaribu njia nyingi za kuwafanya watoto watulie, na hii isiyogharimu kitu ndiyo iliyofaa.

Kuna pigo moja ambalo kila chama cha watoto hulijua upesi. Wafaransa huliita pigo la mchungaji. Malkia na *fou* humrukia pamoja yule askari asiye na mlinzi ila mfalme peke yake, na kwa hatua nne mchezo umekwisha. Mtoto aliyelijifunza jana atawashinda kwalo wageni wote leo, na atatembea kifua mbele. Wageni nao watakwenda nyumbani wasirudi. Basi mwalimu awafundishe wote kinga yake siku ile ile pigo linapojulikana, hata kama aliyelileta atanung'unika. Akikuta yaleyale mazingira ya zamani yamekwisha, yule mshindi wa haraka atalazimika kuanza kucheza sataranji.

Kushindwa ndiko kunakoleta kazi kubwa. Mvulana aliyeshindwa na msichana mdogo kuliko yeye hukusanya kete kwa hasira, hutafuta jua, mwanga, kelele, chochote cha kulaumu. Usimhubirie. Mwambie tu, "Tupange upya, unionyeshe mahali ulipokosea." Ndiyo maana wale waliozoea mchezo hupewa daftari, waandike kila hatua: mistari ya wima ina herufi toka a hata h, ya mapana ina namba 1 hata 8, hivyo kila chumba kina jina lake. Mtoto akirudi nyuma katika daftari lake atakuta kwamba mchezo alioulilia kwenye hatua ya thelathini aliupoteza kwenye hatua ya tisa, naye hakuwa na habari. Hapo hakuna wa kumlaumu. Mwandiko ni wake.

TUSIAHIDI TUSICHOKUWA NACHO

Walimu wengine huwaambia wazazi kwamba sataranji huongeza alama za hesabu. Mambo hayo yalipimwa Uingereza katika shule 100, na matokeo yakatangazwa mwaka 2016: mwaka mmoja baada ya mafunzo, watoto waliofundishwa sataranji hawakuwapita wenzao katika hesabu. Basi yatupasa kusema kweli. Anayetaka mwanawe ajue hesabu amsimamie katika hesabu.

Chama chatoa kitu kingine. Katika mji wetu shule nyingi zina zamu mbili, wengine asubuhi, wengine mchana, na kila mtoto ana nusu siku isiyo na mwenyewe. Sote twajua nani huichukua nusu siku hiyo. Soko huichukua. Barabara huichukua. Katika miji ya madini ya Katanga wapo watoto ambao nusu siku hiyo huwakuta mtoni, wakiosha mawe na kubeba mifuko mizito kuliko wao, na mara moja wakionja fedha ile, nusu siku ya shule nayo hufuata. Mlango ulio wazi saa tisa alasiri, wenye mtu mzima anayejua jina la mtoto na atakayeuliza kesho yake, "Jana ulikuwa wapi?", huo ni mkubwa kuliko alama mbili za hesabu. Tunde Onakoya wa Nigeria, aliyeanza mwaka 2018 kuwafundisha sataranji watoto wa mitaa ya mabanda ya Lagos, alikuwa na shauri hilo hilo. Mwezi wa Aprili 2024 alicheza saa 60 mfululizo katika jiji la New York apate fedha za masomo ya watoto kama hao.

Neno kwa akina mama. Najua kwamba binti ndiye anayekosekana kwanza. Kaka yake huja kila siku. Yeye ana maji ya kuchota, makala ya kuuza, mdogo wa kubeba. Mwalimu asiende kwa mama huyo na maneno makubwa. Aende na saa: "Mama, nipe Jumanne na Alhamisi, saa moja tu kila siku, na mtoto mdogo aje naye, atalala juu ya mkeka." Mama aliyeombwa siku nzima atakataa, naye ana sababu, aliyeombwa saa moja hufikiri. Na binti akikosa wiki mbili asikute nafasi yake imechukuliwa na jina lake limefutwa.

Kwa wale wanaosema kwamba nchi zetu haziwezi kufika mbali katika mchezo huu, sitawapeleka Urusi. Nitawavusha mpaka wa Kasumbalesa tu. Katika Ndola, mji wa shaba kama wetu, mwaka 1982 alizaliwa Amon Simutowe, Mzambia, aliyekuwa wa kwanza katika Afrika kusini mwa Sahara kupata cheo cha *grand maître*, ambacho hakuna cha juu yake.

Na jioni, kabla ya kufunga mlango, kete zihesabiwe, 32 kwa kila ubao. Kazi hiyo apewe yule mdogo asiyejua bado kucheza, naye ahesabu kwa sauti. Ikikosekana moja, msiwapekue watoto mifukoni. Wekeni kizibo cha soda mahali pake, na kesho mchezo uendelee.